Baraza ya Mji Mzima: Mji Mkongwe wa Zanzibar na Bustani Zake

Mji Mkongwe ni sehemu ya kale ya jiji la Zanzibar, iliyojengwa juu ya rasi ya Shangani katika pwani ya magharibi ya kisiwa cha Unguja, na eneo lake lote, lenye ukubwa wa takriban hekta 96, huweza kuzungukwa kwa miguu asubuhi moja kabla jua halijawa kali. Mwaka 2000 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, yaani UNESCO, liliuingiza mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia, na tangu wakati huo mengi yameandikwa kuhusu nyumba zake za mawe, milango yake ya nakshi na majumba ya watawala wake. Jambo lililopewa nafasi ndogo zaidi ni kwamba nyumba hizo hazikuwahi kujitosheleza zenyewe, kwa kuwa maisha ya wakazi wake siku zote yalihitaji mahali pa kutokea: kibaraza cha mlangoni, uwanja wa karibu, kivuli cha mti mkubwa na ufuko wenye upepo. Bustani na viwanja vilivyomo na vinavyouzunguka mji huu vina historia yao, na historia hiyo ni ya ardhi iliyokuwa ya masultani, ya forodha na ya serikali ya kikoloni, ambayo hatua kwa hatua iligeuka kuwa mahali pa watu wote.

Mji uliokaribia kuwa kisiwa

Anayetaka kuuelewa mpangilio wa mji huu hana budi kuanza na maji. Katika karne ya 19 upande wa mashariki wa mji haukupakana na barabara wala soko kama ilivyo leo, bali ulipakana na hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na maji yalipojaa mji ulibaki umeshikamana na kisiwa kwa ukanda mwembamba tu wa ardhi upande wa kusini. Ardhi ya upande wa pili wa hori iliitwa Ng'ambo, na penye daraja la kuvukia paliitwa Darajani, mahali ambapo leo lipo soko kuu ingawa daraja lenyewe halipo tena, kwa sababu hori ilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20 na barabara pana ikapitishwa hapo, barabara iliyojulikana kwa miaka mingi kama Creek Road na ambayo sasa ina jina la Rais Benjamin Mkapa.

Majina mengine ya mitaa nayo yanahifadhi sura ya zamani ya mahali. Mizingani panakumbusha mizinga iliyoelekezwa baharini, Forodhani panakumbusha forodha, yaani nyumba ya kutoza ushuru wa bidhaa, na Sokomuhogo panajieleza penyewe. Mkunazini palikuwa na mkunazi, Mtendeni palikuwa na mtende, na Mnazi Mmoja palijulikana kwa mnazi wake, hivyo kwamba hata mtu ambaye hajawahi kufika anaposikia majina hayo huelewa kwamba chini ya mji wa mawe kuna mji mwingine wa miti, ambao wenyeji waliutumia kuelekezana njia kabla ya kuta kuziba upeo wa macho.

Mji wenyewe ulikua kutokana na pepo mbili. Kaskazi iliyavusha majahazi kutoka Ghuba na Bara Hindi kuanzia mwishoni mwa mwaka, na kusi iliyarudisha miezi michache baadaye, kwa hiyo wafanyabiashara walilazimika kukaa, kupanga nyumba, kuoa na kujenga. Wareno walifika mwanzoni mwa karne ya 16 na kujenga kanisa katika rasi hiyo, lakini baada ya Waomani kuwashinda Wareno mwaka 1698 palijengwa mahali hapo Ngome Kongwe, ambayo kuta zake bado zimesimama zikiitazama bahari. Mabadiliko makubwa yalikuja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, pale Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipoyahamishia makao yake Unguja kutoka Muscat na kuhimiza upandaji wa mikarafuu. Karafuu, pembe za ndovu na, kwa masikitiko makubwa, biashara ya watumwa vilileta utajiri ambao uligeuka kuwa mawe, na katika mitaa hiyo wakakutana Waswahili wa visiwani na wa bara, Waomani, Wahadhrami, Wangazija, Wahindi wa madhehebu mbalimbali na Wagoa.

Nyumba inayojifunga na baraza inayofungua

Nyumba ya Mji Mkongwe imejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo ni mabaki magumu ya viumbe vidogo vya baharini, yaliyounganishwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo juu ya lundo la magogo. Dari na sakafu za juu hushikiliwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo zina urefu wenye kikomo, upana wa chumba kwa kawaida hauzidi mita 3 hivi, hata kama urefu wake ni mara mbili au tatu ya hapo. Kuta nene huzuia joto, vyumba huelekea ua wa ndani badala ya njia, na vichochoro kati ya nyumba ni vyembamba kiasi kwamba jua hugusa ardhi kwa muda mfupi tu, huku upepo wa bahari ukipenya kutoka upande mmoja wa rasi hadi mwingine. Ni ujenzi uliokusudia stara, yaani kuihifadhi familia dhidi ya macho ya wapita njia, na ulifanikiwa vizuri katika hilo.

Uso wa nyumba hiyo ni mlango wake. Miimo, yaani nguzo mbili za pembeni, huchongwa nakshi ya mnyororo, mawimbi, samaki na maua; mfaa, ambao ni ubao wa katikati unaofunika mahali vipande viwili vya mlango vinapokutana, huchongwa kwa uangalifu uleule; na kizingiti cha juu hutofautiana kulingana na asili ya mjenzi, kwani milango ya mtindo wa Kiarabu huwa na kizingiti kilichonyooka, mara nyingi chenye aya ya Kurani, ilhali mingi ya mtindo wa Kihindi huwa na tao la nusu duara. Misumari mikubwa ya shaba iliyochomoza katika milango mingine husimuliwa kuwa ilitokana na desturi ya India ya kuwazuia tembo wa vita wasiisukume, na ingawa Unguja haikuwa na tembo wa namna hiyo, msumari ulibaki kuwa alama ya uwezo wa mwenye nyumba.

Kando ya mlango huo ndipo ilipo baraza, benchi la mawe lililojengwa pamoja na ukuta na kupakwa chokaa, ambalo ni ufunguo wa kuuelewa mji mzima. Baraza ni mali ya mwenye nyumba, lakini jirani, mpita njia na muuza kahawa hukaa juu yake bila kuomba ruhusa. Hapo bao huchezwa, habari za msiba na za harusi hupokewa, na mgeni wa kiume hukaribishwa bila kuivunja stara ya ndani. Mvua ya masika inapogeuza kichochoro kuwa mfereji, watu hupita juu ya baraza kutoka nyumba hadi nyumba bila kukanyaga maji. Kutokana na kikao hicho cha mlangoni, neno lenyewe limepanda ngazi hadi kumaanisha mkutano wa wazee, kisha mkutano wa mawaziri na chombo cha kutunga sheria. Bustani za mji huu zinaeleweka vizuri zaidi zikitazamwa kwa mfano huo huo, kwani zimekuwa baraza ya mji mzima: mahali penye mwenyewe kisheria, lakini pasipohitaji mtu kubisha hodi.

Bustani zilizokuwa nyuma ya ukuta

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika karne ya 19 bustani ilikuwa sehemu ya jumba la mtawala, na kivuli chake kilikuwa cha jamaa yake na watumishi wake. Kaskazini ya mji, ufukweni, palikuwa na Beit al-Mtoni, jumba la Seyyid Said ambako alizaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Binti huyo, ambaye baadaye aliishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliacha kumbukumbu zilizochapishwa mwaka 1886, ambamo ua mpana wa Mtoni wenye miti, tausi na swala unakumbukwa kwa mapenzi makubwa. Leo jumba hilo ni magofu, sawa na Maruhubi, jumba jingine la ufukweni lililojengwa na Seyyid Barghash na kuteketezwa na moto mwaka 1899.

Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeipa sehemu ya mbele ya mji sura inayofahamika. Alikuwa ameishi uhamishoni Bombay kabla ya kutawala, na mwaka 1875 alizuru Uingereza, na aliyoyaona huko aliyaleta nyumbani: alivuta maji kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, akajenga hamamu ya umma katika mtaa ambao hadi leo unaitwa Hamamni, na mwaka 1883 akasimamisha Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, yenye roshani pana zilizoshikiliwa na nguzo za chuma. Katika eneo la Vuga alikuwa pia na bustani ya wanawake wa jumba lake, iliyokuwa na mahali pao pa kuogea, na ambayo wageni wa kiume hawakuruhusiwa kuiona.

Bustani hiyo ndiyo inayojulikana leo kwa jina la Victoria. Seyyid Hamoud bin Mohammed, sultani wa wakati huo, aliitoa kwa matumizi ya umma kwa ajili ya jubilii ya Malkia Victoria wa Uingereza, wakati Zanzibar ilikuwa tayari chini ya himaya ya Waingereza tangu 1890, na mimea mingi iliyopandwa humo ilitoka katika shamba la majaribio la Mbweni, ambalo mwenyewe alikuwa Sir John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuwa konseli wa Uingereza. Juu ya mahali pa kuogea pa wanawake hao pakajengwa ukumbi, na kati ya mwaka 1926 na 1964 ukumbi huo ukawa makao ya Baraza la Kutunga Sheria. Hivyo katika kipande kimoja cha ardhi yalifuatana faragha ya jumba la sultani, hisani yenye jina la malkia wa kigeni na mijadala ya kisiasa iliyotangulia uhuru.

Forodhani: kutoka ushuru hadi urojo

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Forodhani, uwanja ulio kati ya Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib na bahari. Hapo zilishushwa bidhaa, zikapimwa na kutozwa ushuru, na mwanzoni mwa karne ya 20 hapo pia palipita reli ndogo iliyokwenda Bububu. Mahali hapa palishuhudia vilevile tarehe 27 Agosti 1896, pale manowari za Uingereza zilipolishambulia kwa mizinga eneo la jumba la kifalme ili kumwondoa Seyyid Khalid bin Barghash aliyekuwa amejitangaza sultani. Mapigano hayakutimia saa moja, lakini Beit al-Hukm, jumba lililokuwa jirani na Beit al-Ajaib, liliharibiwa na mamia ya watu waliokuwa upande wa sultani waliuawa au kujeruhiwa.

Baada ya bandari mpya kujengwa Malindi katika miaka ya 1920, mabanda na karakana za mbele ya ngome yalikosa kazi, na katikati ya miaka ya 1930, wakati wa sherehe za jubilii za watawala, ardhi hiyo ikafanywa kuwa bustani ya umma iliyoitwa Jubilii. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 jina la Jubilii lilififia, na watu wakaendelea kulitumia jina la kazi iliyofanyika hapo kale, Forodhani. Miaka ilivyopita majani yalikauka, mifereji iliziba na ukuta wa bahari ukaanza kuliwa na mawimbi, hadi Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar iliposhirikiana na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni kuikarabati. Bustani ilifunguliwa tena mwaka 2009 ikiwa na ukuta ulioimarishwa, njia za mawe, taa, mifereji mipya, miti iliyotunzwa na eneo maalumu la wauza vyakula.

Thamani ya kazi hiyo huonekana kila jioni. Alasiri vijana hukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, huku watoto wadogo wakishangilia. Na baada ya sala ya magharibi meza hupangwa na taa huwashwa. Muuza urojo huweka bakulini viazi, bajia na kachori, humwagia mchuzi wa manjano wenye ukali wa ndimu na embe mbichi, kisha hujaliza chatne ya nazi, pilipili na vipande vyembamba vya muhogo uliokaangwa. Jirani yake hupitisha miwa katika mashine ya magurudumu ya chuma pamoja na ndimu na kipande cha tangawizi, na juisi hutoka ikiwa na povu la kijani. Watalii wapo wengi, lakini kwenye viti vya mawe na juu ya majani hukaa pia familia kutoka Ng'ambo na vitongoji vya mbali, bibi akiwa na wajukuu wake, na wanafunzi waliochangia sahani moja ya mishkaki, na kwa mtu anayelala katika chumba chenye upana wa mita 3 pamoja na watoto wanne, bustani hii ndiyo sebule yake.

Mnazi Mmoja na ukumbusho wa bahari

Upande wa kusini na mashariki, pale hori ilipoishia, vipo viwanja vya Mnazi Mmoja na, karibu yake, Bustani ya Jamhuri. Wakati wa ukoloni eneo hili la wazi lilitumika kwa michezo, lakini pia lilitenganisha, kwa kuwa lilisimama kati ya mji wa mawe na Ng'ambo, na klabu za michezo zenyewe ziligawanyika kwa asili za watu. Hata hivyo mpira wa miguu uliwavuta vijana wa pande zote, na sikukuu za Idi zimekifanya kiwanja hiki kuwa cha watoto wa mji wote, wanaofika wakiwa na nguo mpya na sarafu za zawadi mkononi kununua aiskrimu na vitu vya kuchezea. Kando yake limesimama jengo la Beit al-Amani, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1925 kwa kumbukumbu ya amani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, yakiwa na kuba lililobuniwa na msanifu majengo J. H. Sinclair.

Mnazi Mmoja hapajasahau asili yake. Wakati wa bamvua kubwa, yaani siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida, maji ya chumvi hupenya na kutuama kiwanjani, mahali palepale yalipokuwa yakipita zamani, na kupanda kwa kina cha bahari duniani kunaifanya hali hiyo izidi kutia wasiwasi. Kiwanja kilichofunikwa kwa lami au majengo hakingeweza kuyapokea maji hayo bila madhara, ilhali ardhi ya wazi huyapokea na kuyaachia polepole, jambo linaloonyesha kwamba nafasi inayodhaniwa kuwa tupu inafanya kazi ambayo haionekani mpaka iondolewe.

Mkunazini: uwanja wa kukumbuka

Si kila nafasi ya wazi ni ya kuburudika. Katika mtaa wa Mkunazini palikuwa na soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka 1873 baada ya Seyyid Barghash kutia saini mkataba kwa shinikizo la Uingereza, ingawa hadhi ya utumwa yenyewe iliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897. Juu ya ardhi hiyo Waanglikana walijenga kanisa kuu chini ya uongozi wa Askofu Edward Steere, ambaye anakumbukwa pia kwa kazi yake ya sarufi ya Kiswahili, na kwa mujibu wa mapokeo ya kanisa altare iko mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Katika bustani ya kanisa, ndani ya shimo lililojengewa kuta, wamesimama watu wa mawe waliofungwa mnyororo shingoni, kazi ya mchongaji Clara Sörnäs kutoka Sweden. Mtazamaji hulazimika kuinamisha kichwa ili kuwaona, na ukimya wa bustani hiyo, hatua chache tu kutoka makelele ya Darajani, humkumbusha baadhi ya fedha zilizojenga mji huu zilitoka wapi.

Kuhifadhi mawe pamoja na kivuli

Baada ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliingia mikononi mwa serikali na kukaliwa na familia nyingi kwa wakati mmoja, huku fedha za matengenezo zikiwa chache, na katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba zilianza kuanguka baada ya mvua. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985 ili kusimamia ukarabati, na mafundi wamejifunza upya somo la kale kwamba ukuta wa matumbawe unapumua: chokaa huruhusu unyevu utoke, ilhali saruji huufungia ndani mpaka mawe yaoze na boriti zivunjike. Ukubwa wa kazi iliyobaki ulidhihirika tarehe 25 Desemba 2020, pale sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuwaua watu wawili waliokuwa kazini katika ukarabati wake.

Kama ukuta unavyohitaji kupumua, mji nao unahitaji hivyo, na hapo ndipo bustani zinapostahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya urithi wenyewe. Utalii umepandisha bei ya ardhi, nyumba za wakazi zinageuzwa hoteli, na kila kipande kilicho wazi huonekana machoni pa mwekezaji kuwa kiwanja kinachosubiri jengo. Mji ukibaki na milango yake yote ya nakshi huku ukipoteza mahali ambapo mkazi wake anaweza kukaa bila kununua kitu, utakuwa umehifadhiwa kwa ajili ya wageni tu.

Mizingani, karibu na jengo la Zahanati ya Zamani lililoanzishwa na tajiri Tharia Topan, umesimama mti mkubwa wa jamii ya mitini ambao wenyeji huuita Mtini, na ambao ulipandwa na Sultani Khalifa bin Haroub mwaka 1911. Mafundi wa vyombo wamefanya kazi chini yake kwa miaka mingi, na wenye mashua hukaa hapo wakisubiri abiria wa kwenda kisiwa cha Changuu. Nyumba iliyoanguka inaweza kujengwa upya kwa matumbawe, chokaa na boriti katika miaka michache iwapo fedha na mafundi wapo, lakini kivuli cha upana ule kimechukua zaidi ya karne moja, na mti wa kuurithi huo sharti upandwe sasa, mahali ambapo mamlaka zimekubali kwamba hapatajengwa.